Kitanzi cha ethi: kwa nini gitaa moja huvuma kwenye amplifaya mbili

Chomeka gitaa kwenye amplifaya ya kwanza: kimya. Lihamishie kwenye ya pili: kimya vilevile. Sasa ziunganishe zote mbili kwa kebo ya Y, inayogawa tundu moja la gitaa liende kwenye amplifaya mbili, na papo hapo unasikia mvumo mzito usiokoma hata ukishusha volyumu ya gitaa hadi sifuri. Amplifaya hazijaharibika, na kebo mara nyingi ni nzima. Mafundi wa sauti hukiita kinachosababisha hali hii kitanzi cha ethi.

Amplifaya yenye plagi ya pini tatu ina bodi ya chuma iliyofungwa kwenye waya wa ethi wa jengo, yaani ule wa usalama unaoelekea ardhini. Kebo ya gitaa nayo ina njia mbili: waya wa katikati unaobeba sauti, na wavu wa waya unaouzunguka. Wavu huo unakinga sauti isiingiliwe, na papo hapo ndio njia yake ya kurudi. Ncha yake inaishia kwenye bodi ya amplifaya. Basi amplifaya mbili zikitumia gitaa moja zinakuwa zimeungana mara mbili, kwanza kupitia ethi ya ukutani, kisha kupitia wavu wa kebo. Hilo ni duara kamili la waya, na duara la waya lililo karibu na transfoma na nyaya za umeme hunasa uga wa sumaku unaotoka humo. Mkondo huanza kuzunguka. Ikiwa amplifaya zimechomekwa kwenye soketi zilizo mbalimbali, ambazo ethi zake hazilingani sawasawa kivolti, mkondo huo huongezeka.

Mkondo wenyewe si mkubwa. Tuseme wavu una ukinzani wa omu 0.1 na unapitisha miliampea 10: hapo kuna milivolti 1 kati ya ncha zake mbili. Gitaa likipigwa kawaida hutoa milivolti mia moja hivi, kwa hiyo kwenye sauti safi unaweza hata usiutambue mvumo. Washa distoshen, ambayo kazi yake ni kukikuza hata kile kidogo, na ile milivolti moja itajaa chumba kila unapotulia. Sauti yake ni ile ya umeme wa njia kuu: Hz 50 katika nchi nyingi, Hz 60 Marekani, pamoja na maradufu yake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ndio huo. Mvumo ukipanda na kushuka unapogeuka na gitaa mkononi, ni pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja zinazonasa umeme wa chumbani. Ukiendelea hata baada ya kuchomoa kebo zote za sauti, tatizo liko ndani ya amplifaya, pengine kapasita zimezeeka. Kitanzi hujitambulisha kwa jambo moja: hutokea amplifaya zikiwa zimeungana, hutoweka ukichomoa kebo ya moja.

Dawa inayojulikana zaidi ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kuvunja au kuziba pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo hukoma kweli. Ila pini ile ipo ili hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike, badala ya kupitia kwenye nyuzi za gitaa lako. Na amplifaya ya vali, ile yenye mirija ya kioo, huwa na mamia ya volti ndani yake. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ethi sawasawa.

Kitanzi hukatwa upande wa sauti, na kifaa cha kukikatia ni transfoma ndogo ya uwiano wa 1:1. Ndani yake kuna koili mbili zisizogusana. Sauti huvuka kutoka koili moja hadi nyingine kwa njia ya sumaku, lakini hakuna waya unaopita, kwa hiyo wavu wa kebo ya upande huu haukutani na wa upande ule. Ethi za ukutani zinabaki zote mahali pake. Amplifaya moja huunganishwa moja kwa moja, kisha kila inayoongezeka hupewa transfoma yake: mbili zinahitaji transfoma moja, tatu zinahitaji mbili.

Tatizo ni kwamba gitaa la kawaida ni dhaifu. Kila amplifaya ina ukinzani wa kuingilia wa karibu megaomu 1. Ukiweka mbili pamoja gitaa linaona nusu ya huo, na transfoma nyingi hulielemea zaidi. Zinazopotea kwanza ni sauti za juu, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Ndiyo maana visanduku vizuri vya kugawa sauti huanza na bafa, saketi ndogo inayoipokea sauti bila kuielemea kisha kuitoa ikiwa na nguvu. Lakini bafa peke yake haikati kitanzi, na matangazo mengine huliacha hilo gizani. Uliza kama kuna transfoma kwenye njia ya kutokea. Pedali za stereo, vile vifaa vya mguuni vya kubadilisha sauti, ni vilevile: matundu yake mawili ya kutokea kwa kawaida yana ethi moja, hivyo huvuma kama kebo ya Y.

Usipokuwa na kisanduku, chomeka amplifaya zote kwenye soketi moja ya kurefusha na upitishe kebo zake zikiwa zimelala pamoja. Duara likiwa jembamba hunasa sumaku kidogo. Mvumo hupungua, hata kama hauishi.

Mvumo ukishaondoka, sikiliza besi. Amplifaya nyingine hugeuza wimbi juu chini, na zikiwekwa pamoja spika moja husukuma wakati nyingine inavuta. Sauti nzito hufutana na gitaa linakonda ghafla. Visanduku vingi vyenye transfoma vina swichi ya kugeuza. Piga uzi mzito, ibonyeze mara kadhaa, na uiache upande ule ambao besi imejaa.