Sakura, Taiko na Mochi: Tunayokosea Kuhusu Sherehe za Kijapani Marekani

Kila ikifika mwisho wa Machi simu yangu hujaa picha za sakura, yaani maua ya micheri ya Kijapani, za Washington. Ndugu zetu walioko Maryland na Virginia husimama chini ya maua kando ya ziwa dogo la Tidal Basin, watoto wamependeza, na hakosekani mtu wa kuandika chini ya picha: "Wajapani wanajua kuitangaza nchi yao." Kauli hiyo imenikaa moyoni muda mrefu, kwa sababu inawafuta watu waliozibeba sherehe hizi mabegani. Basi niichambue, pamoja na nyingine ninazozisikia kila msimu.

"Ni matangazo ya serikali ya Japani tu"

Serikali ina mkono wake, sikatai. Miti 3,020 iliyofika Washington mwaka 1912 ilikuwa zawadi ya jiji la Tokyo, na miwili ya kwanza ilipandwa tarehe 27 Machi na mke wa Rais Taft pamoja na mke wa balozi wa Japani. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na Eliza Scidmore, mwandishi wa Kimarekani aliyeipigia debe miti hiyo tangu 1885 huku maofisa wakimpuuza. Kulikuwa pia na shehena ya kwanza ya miti 2,000, iliyofika Januari 1910 ikiwa na wadudu na magonjwa mpaka Taft akaagiza ichomwe moto. Tokyo haikununa. Ilitayarisha miche mingine.

Sherehe nyingi, hata hivyo, hazikuanzia ubalozini. Chukua Nisei Week ya Los Angeles. Ilianza mwaka 1934, uchumi ukiwa umeanguka dunia nzima, katika mtaa wa Little Tokyo. Wenye maduka, wazee waliohamia kutoka Japani, waliona watoto wao waliozaliwa Marekani wananunua kwingine. Watoto hao ndio nisei, kizazi cha pili. Vijana wakapewa sherehe waiendeshe wenyewe ili wateja warudi mtaani. Ilikuwa ni habari ya riziki ya familia ambazo wazazi wake, kwa sheria ya wakati ule, hawakuruhusiwa kuwa raia.

"Zimeendelea tangu zamani bila kukatika"

Zilikatika, na kwa nguvu. Tarehe 19 Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia saini Amri ya 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani wakafungiwa kambini, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani. Nisei Week ilisimama mwaka huo, ikarudi 1949. Washington nako, siku chache baada ya Japani kuishambulia kambi ya wanamaji wa Marekani ya Pearl Harbor, Desemba 1941, watu wasiojulikana walikata miti minne ya sakura, na wakati wa vita jina la Japani likaepukwa, ikawa inaitwa miti ya "Mashariki". San Francisco, familia ya Hagiwara, iliyoitunza kwa miaka mingi bustani ya chai ya Kijapani iliyobaki kutoka maonyesho ya 1894, ilitolewa katika nyumba yake iliyokuwa mle mle bustanini. Watalii wanaokunywa chai pale leo wanapaswa kulijua hilo.

Upande wa pili wa bahari, miti mama kando ya mto Arakawa, ile iliyotoa vipandikizi vya miti ya Washington, ilidhoofika wakati wa vita. Mwaka 1952 Washington ikapeleka vipandikizi Tokyo vya kuifufua.

"Taiko ni sanaa ya kale, haijabadilika"

Ngoma yenyewe ni ya kale, naam. Imepigwa mahekaluni, vitani na mashambani kwa karne nyingi. Lakini kile unachokiona jukwaani, watu kumi au ishirini wakizipiga kwa pamoja ngoma za ukubwa tofauti, kina umri wa bibi yako. Mwaka 1951 Daihachi Oguchi, mpiga ngoma za jazi wa Suwa, mkoa wa Nagano, alizipanga taiko kama alivyozoea kupanga ngoma zake za jazi, kila moja na sauti yake na kazi yake. Mwaka 1968 Seiichi Tanaka, mhamiaji, alianzisha kundi San Francisco. Mwaka uliofuata waumini wa hekalu la Kibudha la Senshin, Los Angeles, wakaanzisha Kinnara Taiko.

Na hapo ndipo penye utamu. Kule Japani taiko kubwa huchongwa kutoka gogo moja la mti wa keyaki, na bei yake haishikiki. Vijana wa California wakageukia mapipa ya mvinyo. Mbao za pipa zinatiwa gundi zisiachane, zinasuguliwa mpaka zing'ae. Ngozi ya ng'ombe inalowekwa ilainike, inalazwa juu ya mdomo wa pipa na kufungwa kamba pande zote, halafu jeki za gari zinalisukuma pipa kutoka chini ili ngozi ikaze. Aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa ataitambua kazi hii hata kama hajafika California: mwambaji anagonga, anatega sikio, anaongeza jeki kidogo, anagonga tena. Wengine hupanda juu na kuikanyaga ngozi kwa visigino ivutike sawasawa. Sauti ikikubali, inapigiliwa misumari ya vichwa vipana kuzunguka ukingo.

Vijana wale walikuwa watoto wa watu waliotoka kambini wakiwa wamejifunza kukaa kimya. Mimi siwezi kuusikia mshindo wa taiko ya pipa bila kulikumbuka jambo hilo.

"Bon odori ni onyesho la kutazama"

Hapana, ingia. Obon ni msimu wa kuwakumbuka marehemu, na ngoma yake ya kucheza, bon odori, huchezwa kwa duara kuzunguka jukwaa la mbao liitwalo yagura. Wazee wanaojua hatua hutangulia, wageni huwafuata na kukosea mpaka wazoee. Kasisi wa Kibudha Yoshio Iwanaga alizunguka akiifundisha katika mahekalu ya pwani ya magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sisi tuliolelewa na hitima na arubaini tunaweza kushangaa kuona marehemu wakikumbukwa kwa kucheza, kuku wa teriyaki akichomwa pembeni. Waliofiwa wenyewe hawaoni mgongano wowote.

"Asiye Mjapani akivaa kimono anatukana" na "kimono ni vazi la maigizo tu"

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zilikutana Boston mwaka 2015. Jumba la makumbusho la sanaa la jiji hilo liliwaalika wageni wavae kimono mbele ya mchoro wa mchoraji Mfaransa Monet wa mwaka 1876 unaomwonyesha mkewe amevaa vazi hilo. Vijana wenye asili ya Asia wakaandamana, Wajapani wengine wakaja kuwapinga waandamanaji, na mwishowe jumba likaruhusu kimono ziguswe bila kuvaliwa. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kumpa mtu vazi apige picha bila kumfundisha kitu. Kwenye warsha nzuri jambo la kwanza kuambiwa ni hili: upande wa kushoto unalala juu ya wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama maiti. Mwalimu atakufungua na kukufunga upya mwenyewe, na akina mama wa Kijapani wanaofundisha hapo hufurahi kweli mgeni akivaa sawasawa.

"Biskuti za bahati ni za Kichina"

Ni zile biskuti zenye karatasi ya utabiri ndani, zinazotolewa katika mikahawa ya Kichina Marekani. Kwa kifupi: asili yake ni Japani. Karibu na hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, bado zinaokwa, kubwa zaidi na nyeusi kidogo, zina ufuta na miso (rojo la soya lililochachushwa), na karatasi hubanwa kwenye mkunjo kwa nje.

"Mochi ni aiskrimu"

Aiskrimu ya mochi ya madukani ilitoka Little Tokyo, kwa Frances Hashimoto wa duka la Mikawaya, katika miaka ya 1990. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1943 ndani ya kambi ya Poston, Arizona. Mochi yenyewe ni wali wa mchele wa kunata, uliopikwa kwa mvuke na kutwangwa. Mwaka unapokaribia kuisha jamii hukusanyika kuitwanga, na mgeni hupewa zamu.

Mara ya kwanza nilipopewa yangu nilidhani nitawafundisha watu kutwanga. Mchi wao una umbo la nyundo kubwa, unaupandisha juu ya bega na kuushusha, na kati ya pigo na pigo mwenzako anaingiza mkono uliolowa maji kuugeuza wali. Ukikosa mdundo unamvunja vidole. Bibi aliyekuwa akigeuza alinihesabia kwa sauti mpaka nikashika. Tulipopumzika nikamuuliza majina ya vyombo. Akagusa kinu: "Usu." Akagusa mchi: "Kine." Nikamwambia kwetu kinu ndicho hiki cha chini. Akarudia neno mara mbili, "kinu, kine," akalowesha mkono na kuniashiria niinue tena.