Je, wajua uzi wa nano haupitishwi kwenye tundu la nano?

Kwetu Mombasa, ukimwambia mtu kuna uzi ambao unywele unaushinda unene zaidi ya mara mia, huwaza mashine ya tambi. Mimi niliamini hivyo kwa miaka: ukitaka tambi nyembamba, unabadilisha kile kibati chenye matundu, basi uzi wa nano nao una tundu lake la nano. Sivyo. Sindano inayotumika ina tundu la kama nusu milimita, unaliona kwa macho. Uzi hufika mwisho wa safari ukiwa na unene wa nanomita 500 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), yaani umekonda mara elfu moja ukiwa hewani. Tundu la nano lingeziba tu.

Jibu liko kwenye shira ya kaimati. Shira changa ukiiinua kwa mwiko, hudondoka matone. Iliyokolea huvuta uzi, nao hukonda kadiri unavyoinua mkono. Polima (kitu cha jamii ya plastiki) iliyoyeyushwa, inayotoka sindanoni, ndiyo shira hiyo iliyokolea: molekuli zake ndefu zimesokotana, kwa hiyo haikatiki upesi. Mkono unaovuta ni umeme, volti 10,000 hadi 30,000 kati ya sindano na bamba la chuma lililo umbali wa sentimita 15 hivi. Njia yenyewe, iitwayo kwa Kiingereza electrospinning, ni kongwe. Ina hataza (haki za uvumbuzi) za Marekani za 1902.

Lakini sentimita 15 zatoshaje? Kwa sababu uzi hauendi moja kwa moja. Umeme huupa uzi chaji, na chaji za aina moja husukumana. Uzi ukipinda kidogo, pindo husukumwa nje zaidi, likazaa pindo jingine. Ni kama mpira wa maji uliofunguliwa kwa nguvu ukaachwa uani, unavyojirusha huku na huku. Ila uzi huu hurefuka kila duara linapopanuka, huku kiyeyusho kikikauka. Kwa macho utadhani umepasuka kuwa nyuzi nyingi. Watafiti nao walidhani hivyo, hadi kamera za kasi, mnamo 2000, zilipoonyesha uzi mmoja ukizunguka. Kupasuka hutokea kwa baadhi ya michanganyiko, ila kazi kubwa ni ya mzunguko.

Nyuzi hizi hutengenezewa vichujio vya hewa. Kwenye unyevu kama wa pwani yetu, polima iliyoyeyushwa kwa maji hukauka polepole, na nyuzi zaweza kufika bambani mbichi zikagandana.

Hesabu inayonistaajabisha ni hii: mchanganyiko wenye polima asilimia 10, urefu wa milimita moja tu ukitoka sindanoni, huzaa uzi wa karibu mita 100.