Kwa nini kipimo cha jino la kupandikiza ni kigumu kuliko cha jino la asili?

Je, wajua kwamba hata jino zima kabisa huwa linacheza kidogo? Mimi miaka yote niliamini kipimo cha jino la kupandikiza, yaani ile chapa ya mdomo anayopewa fundi atengenezee meno ya juu yake, ndo rahisi, maana ile ni skrubu ya titani, imeshikana na mfupa, haitingishiki, sasa daktari akikosea kidogo shida iko wapi? Kumbe kule kutotingishika ndo shida yenyewe.

Jino la asili limeshikiliwa na nyuzi laini, ukiling'atia linazama maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 25 hadi 100 hivi, wakati kipandikizi kinazama 3 hadi 5 tu. Chukulia una nguzo nne zimesimama kwenye tope na nne kwenye zege, halafu fundi akuletee boriti ametoboa matundu kwa vipimo ulivyompa. Tundu likipishana kidogo, nguzo ya tope inasogea yenyewe inaingia. Ya zege haisogei, unakaza nati kwa nguvu mpaka inakubali, kwa macho imekaa vizuri kabisa ila boriti imejipinda na inavuta muda wote. Mdomoni ni hivyohivyo, nguzo ni vipandikizi na boriti ni meno yanayofungwa juu yake: yakikaa kwa kuvuta, skrubu zinalegea, nyingine zinakatika. Kama mvuto huo unaumiza na mfupa, hapo ushahidi bado mwembamba, kuna wagonjwa wamefuatiliwa miaka na mfupa umevumilia tu.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kipimo. Daktari anafunga kijiti cha chuma juu ya kila kipandikizi kuonyesha kilipo, anaweka trei yenye silikoni, ute unaoganda na kubaki na chapa. Trei ikiwa imefungwa juu, vijiti vinabaki mdomoni na inabidi vifunguliwe virudishwe kwa mkono kwenye matundu yake ndani ya silikoni. Ikiwa na uwazi, vinafunguliwa kupitia juu na kutoka na silikoni bila kuhama. Kwa vipandikizi viwili vitatu tofauti mara nyingi haionekani, ila kuanzia vinne trei ya uwazi kwa kawaida inashinda. Skana, yaani kamera inayopiga picha za mdomo badala ya silikoni, nayo ni nzuri kwa meno machache, ila kwa taya zima inaunga picha nyingi na kosa la kila kiungo linajumlishika, kama kupima kiwanja kwa rula.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: vijiti huunganishwa kwa akriliki (aina ya plastiki ngumu) visizunguke, lakini akriliki ikikauka inasinyaa, inavivuta. Basi wanaikata katikati ya kila kijiti na kijiti, halafu wanaziba ule ufa mwembamba kwa akriliki kidogo sana, ili kitakachosinyaa safari hii kiwe ni ule ufa tu.