Utalii wa utamaduni ni nini? Twende Kolo tuone

Ukitaja utalii wa utamaduni, wengi wanafikiria ngoma ya robo saa kwenye bustani ya hoteli: wageni wanapiga makofi, wanapiga picha, wanarudi mezani. Hiyo ni burudani, na haina ubaya. Utalii wa utamaduni ni pale msafiri anapokwenda kwa watu wanaoendeleza mila zao kwa sababu zao wenyewe, akaona kile anachoruhusiwa kuona, na fedha yake ikabaki kwa wenyeji. Mgeni asipotokea, shughuli inaendelea kama kawaida.

Usiuchanganye na utalii wa malikale, yaani kutembelea mabaki ya zamani. Mpwapwa, mji wa mkoani Dodoma, ni mfano mzuri. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapo, kisha ikavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na kuingia Ugogo, nchi ya Wagogo, ambako watemi waliitoza hongo, mara nyingi kwa vitambaa. (Hongo ya enzi hizo ilikuwa ushuru wa wazi, jamani.) Anayekwenda Mpwapwa kwa ajili hiyo anafuata jambo lililokwisha.

Kolo, wilayani Kondoa, aina hizi mbili zinakutana kwenye jiwe moja. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale: watu warefu, wembamba kama fito, vichwa vimetuna kwa nywele au mapambo, na karibu yao twiga, tembo na pofu. Myeupe ilikuja baadaye, enzi za wakulima na wafugaji. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili.

Kama ingekuwa michoro tu, tungesema malikale na kuishia hapo. Lakini Mungumi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hiyo, ni mahali pa matambiko mpaka leo. Warangi, wenyeji wa Kondoa, wanakwenda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na UNESCO yenyewe ilizitaja mila hizi hai miongoni mwa sababu za kuliorodhesha eneo hilo. Hapo ndipo pana mvutano. Katika tambiko kuna desturi ya kurushia mwamba pombe ya nafaka, na pombe hiyo ikifika kwenye michoro inaifubaza. Mhifadhi anaona rangi ya miaka mingi inapotea. Mzee wa tambiko anaona mwamba unaofanya kazi yake. Mimi sioni kama mgeni ana haki ya kumkataza mzee. Anachoweza ni kujizuia yeye mwenyewe: asiguse michoro, wala asiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha.

Ukifika, pita kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ikamilike kwa lami mwaka 2018, basi linakushusha karibu kabisa. Kazi ni kutoka hapo: njia ya vumbi, halafu unapanda mlima kwa miguu. Mzee ukikutana naye, shikamoo itangulie kabla ya simu kutoka mfukoni. Akikuambia pango fulani leo halifikiki, usibishe wala usitoe noti.

Huku Ugogoni mambo ni ya kelele zaidi. Muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa na wanawake, ngoma zimebanwa mapajani, na ina nafasi yake kwenye sherehe za jando. Baada ya mavuno ndipo vijiji vinachangamka. Ukija wakati wa kilimo utawakuta watu shambani na ngoma zimetundikwa. Ukialikwa, kula kinacholiwa, hata kama ni ugali wa uwele na mlenda na hukuzoea. Suala la malipo lizungumze mapema na kiongozi wa kikundi, mbele ya wenzake, ili kila aliyecheza ajue kilichotolewa.