Ubongo haungoji dakika 20 kujua kwamba umeshiba

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mtaalamu mwenzangu aliyekuwa akimshauri mgonjwa: "Kula taratibu, mama, ubongo huchukua dakika 20 kupata taarifa kwamba tumbo limejaa." Mama wa watu akaitikia. Kula taratibu ni ushauri mzuri, nami huutoa. Sababu inayoambatanishwa nao ndiyo naomba tuiache.

Mfuko wa chakula ukitanuka, miisho ya vagasi, neva kuu inayounganisha tumbo na ubongo, iliyo ukutani mwake huhisi mkazo huo palepale. Nyuzi zake nyingi ni za mwendo wa pole, kama mita moja kwa sekunde. Sasa pima kutoka chembe ya moyo hadi shina la ubongo: haifiki hata mita. Taarifa hufika ndani ya sekunde, tonge baada ya tonge. Tena nyuzi nne katika kila tano za vagasi kazi yake ni kupeleka habari juu, si kuleta amri chini.

Kinachochelewa ni chakula. Mfuko hukiachia kidogo kidogo kuingia duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na mafuta na protini vikishagusa ukuta wa utumbo, seli zake hutoa homoni ya kolesistokinini, yaani CCK, ileile inayobana kifuko cha nyongo. Mwaka 1973 watafiti Gibbs, Young na Smith walionyesha kwamba panya waliodungwa CCK hupunguza kula. Lakini vipokezi vya CCK, yaani sehemu inaponasa ili kufikisha ujumbe, viko kwenye nyuzi zilezile za vagasi! Ndiyo maana swali la "ni homoni au ni neva?" hunichosha. Homoni hii husema kupitia neva. Papo hapo hupunguza kasi ya mfuko kujimwaga, kwa hiyo mkazo nao unadumu. Ukinywa maji matupu kabla ya kula, mkazo unaupata, ila maji yanapita upesi na utumbo haupati cha kuujibu. Maji hayohayo yakiwa ndani ya supu ya maharage hukaa zaidi.

Kama shibe ingekuwa suala la saa, mbwa wa Pavlov, yule mwanafiziolojia Mrusi, wangeacha kula. Aliwapasua umio ili kila walichomeza kitokee shingoni bila kufika tumboni, nao wakala muda mrefu mno bila kutosheka. Dakika 20 zilipita na hakuna kilichotokea, kwa sababu chini hakikufika kitu.

Homoni nyingine mbili za utumbo, GLP-1 na PYY, nazipitia haraka: hutoka zaidi sehemu za chini za utumbo, nazo hupunguza hamu. Ghrelini, homoni ya mfuko wa chakula, hufanya kinyume, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake.

Mtanisamehe kung'ang'ania, lakini kosa hili lina madhara. Mtu amekunywa soda na kula maandazi mawili, akangoja dakika zake 20 akitazama saa, njaa haijaondoka. Anakuja kwangu akiamini ubongo wake una hitilafu. Hauna. Kilichoingia ni sukari nyingi na protini kidogo, na soda hupita upesi. Mpe mtu huyohuyo ugali wa dona, maharage na mboga, ale bila haraka: chakula kitakaa mdomoni, na utumbo utaanza kujibu sahani ikiwa bado ina kitu.

Na maelezo ya vitabu kuhusu CCK huishia mapema mno. Panya waliopewa CCK kila walipoanza kula walipunguza ukubwa wa mlo, kisha wakaongeza idadi ya milo, na uzito ukabadilika kidogo tu. Panya wadogo waliozaliwa bila CCK kabisa hawanenepi kwa hilo. Kwa hiyo homoni hii hufunga mlo. Sioni ushahidi kwamba inalinda uzito, na nina shaka na kila anayeuza kirutubisho cha "kuamsha CCK". Hata mfuko wa chakula huenda tumeupa sifa kupita kiasi. Mwaka 2019 watafiti waliamsha aina za neva za vagasi moja baada ya nyingine katika panya, na zile zinazohisi mkazo wa utumbo zilizima njaa kwa nguvu kuliko zinazohisi mkazo wa mfuko wenyewe. Likithibitika kwa binadamu, itabidi tubadilishe hata pale tunapomwonyesha mgonjwa kwa kidole tukimwambia, "shibe inaanzia hapa."