Je, wajua kwa nini fedha nyingine za msaada huja baada ya kazi kwisha?

Ukisafiri kutoka Makambako kwenda Tukuyu, tupia jicho shule za sekondari zilizo kando ya barabara. Huenda ukaona darasa au bweni lililoandikwa ubavuni EP4R, jina la mpango wa elimu wa serikali na wahisani: herufi tatu na tarakimu moja ambazo hata wanafunzi hutamka kila mmoja kivyake. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawaeleza watu, tena kwa kujiamini, kwamba hayo ni majengo ya Waingereza na Waswidi: walituma fedha, fedha zikawa matofali, basi.

Siku moja nikamweleza hivyo mwalimu mkuu mstaafu wa huku Rungwe, nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kijana, wale hawakulipia darasa. Walilipia walimu kugawanywa vizuri. Darasa tulinunua wenyewe, kwa ujira."

Nikadhani mzee anachanganya mambo, kumbe aliyechanganya ni mimi. Na nilichanganya mambo mengi kwa mpigo, kwa hiyo niyachambue moja moja.

Kwangu mimi msaada wa nchi kwa nchi ulikuwa bahasha. Waziri anatia saini, kamera zinapigwa, fedha zinaingia Benki Kuu, halafu zinateremka kwenda mkoani na halmashauri, zikipungua njiani kama maji ya mfereji wenye wachepushaji wengi. Kosa la kwanza ni kudhani saini ni fedha. Wanaofuatilia mambo haya huwa na safu mbili: ahadi na utoaji. Kichwa cha habari kinachosema nchi fulani "yatoa mabilioni" mara nyingi kinazungumzia safu ya kwanza, na mabilioni hayo yamesambazwa katika miaka mitatu, minne, mitano. Tanzania iliona tofauti ya safu hizo Oktoba 2014, pale wahisani walipozuia msaada wa bajeti wa karibu dola milioni 500 kwa sababu ya sakata la Escrow ya Tegeta, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Ahadi ilikuwapo, bajeti ilishaihesabu, na akaunti ikabaki inasubiri. Tena ule msaada wa bajeti ndio uliofanana zaidi na bahasha yangu. Njia nyingine hazifanani nayo hata kidogo.

Kosa la pili lilinichekesha nilipoligundua. Sehemu ya msaada haisafiri kabisa. Kinachohesabiwa kuwa msaada huamuliwa na kanuni za kamati moja ya nchi tajiri chini ya OECD, shirika lao la ushirikiano wa kiuchumi, na kanuni hizo zinaruhusu nchi kuhesabu gharama za kuwatunza wakimbizi nyumbani kwake kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka 2022 Uingereza ilitumia hivyo pauni bilioni 3.7, takriban asilimia 29 ya msaada wake wote wa mwaka ule. Kitanda cha hoteli England kinaingia katika jumla ileile na chandarua cha Kyela.

La tatu: kinachosafiri mara nyingi si fedha. Mfano mzuri tunao hapahapa. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Sehemu ya gharama za ndani, kama ujira wa vibarua, ilipatikana kwa China kuleta bidhaa zake, zikauzwa madukani, na mauzo yakaingia kwenye ujenzi. Masufuria na vitambaa vikawa reli. Siku hizi kinachokuja ni dawa, mashine za maabara na mishahara ya wahudumu wanaolipwa na mradi. Katika afya hili si jambo dogo kwetu: kwa takwimu za 2022 hadi 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, huku wastani wa nchi ukiwa 4.4. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa 2003, umekuwa mhimili wa huduma hizo. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, na Julai mosi mwaka huohuo shirika lake la USAID likafungwa rasmi, ndipo wengi walipojua kwamba mhudumu fulani waliyemzoea kliniki hakuwa mwajiriwa wa halmashauri.

Sasa turudi kwa mwalimu na ujira wake.

EP4R ilianza 2014, serikali ikiwa na Benki ya Dunia, Uingereza na Uswidi. Kwa Kiswahili iliitwa Lipa Kulingana na Matokeo, na jina hilo linasema yote, ila mimi nilikuwa nalisoma kama kaulimbiu ya semina. Jinsi inavyofanya kazi niliielewa pale nilipoacha mabango nikatazama mizani ya chai.

Mchumaji wa chai wa Rungwe anaingia shambani ukungu bado umelalia miche. Hakuna anayempa fedha asubuhi eti kwa sababu amebeba kikapu. Anachuma majani mawili na chipukizi, anapeleka kituoni, karani anatundika mzigo kwenye mizani, anasoma kilo, anaandika. Kilo ndizo zinazolipwa. Karani haulizi umechuma kwa saa ngapi wala shemeji yako alikusaidia au la. Na ukishalipwa, fedha ni yako: ununue mbolea, uezeke jiko, utoe mchango wa harusi, karani hana habari.

Mweke serikali mahali pa mchumaji. Kikapu chake ni matokeo waliyokubaliana kabla: kwa mfano, halmashauri kuwagawanya walimu ili shule ya barabarani isirundikane walimu huku ile ya mlimani ikibaki na wawili, au ruzuku ya uendeshaji kufika shuleni kwa wakati. Kila tokeo lina bei yake tangu mwanzo. Mwaka ukiisha anakuja mhakiki asiye wa serikali wala wa mfadhili, huyo ndiye karani. Akithibitisha, fedha hutoka. Ukileta nusu kikapu, kwa vipimo vingi unalipwa nusu.

Wachumaji wajanja wapo. Jani likiloweshwa maji linakuwa zito, na kila karani mzoefu anajua kukung'uta kwanza, au kupunguza kilo za maji. Katika shule, maji hayo ni mwalimu aliyehamishwa kwenye karatasi tu, jina likapanda mlimani na mwili ukabaki mjini. Ndiyo maana uhakiki huchukua muda mrefu na kuudhi kila mtu.

Kuna swali moja linabaki: kama fedha huja mwishoni, kazi huanzia wapi? Huanzia Hazina, na sehemu nyingine hutangulizwa kama mbolea ya mkopo inayokatwa kwenye majani baadaye.

Kwa hiyo darasa la EP4R ni ile mbolea au bati alilonunua mchumaji baada ya kulipwa. Serikali ilileta kikapu cha walimu waliogawanywa, ikalipwa, ikachagua kutumia fedha hizo kwa madarasa, mabweni na matundu ya vyoo. Ukitaka ukali wa kihasibu, fedha zikishaingia Hazina huwezi kufuata shilingi moja mpaka kwenye tofali moja. Lile jina ukutani linataja fungu la bajeti. Kuandika kwamba "darasa hili limetokana na walimu wa wilaya nyingine kuhamishwa" kungekuwa sahihi zaidi, lakini rangi isingetosha.

Je, mtindo huu unaleta mafanikio? Hapa inabidi nipunguze sauti. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza jaribio la afya la namna hii kwa fedha za Norwei, vituo vikilipwa kwa huduma zilizotolewa. Watafiti walipima huduma nane zilizolengwa. Mbili ndizo zilizopanda waziwazi: wanawake kujifungulia kituoni, kwa pointi 8.2 za asilimia, na wajawazito kupata dawa ya kuzuia malaria, kwa pointi 10.3. Hizo sita nyingine hazikuonyesha badiliko la kutegemewa. Tena Pwani ni Pwani. Kumfikisha mjamzito zahanati kwenye tambarare si sawa na kumteremsha kutoka Kitulo wakati wa masika, na sijui kama namba zile zingepanda hivyo huku.

Upande wa elimu kuna utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika katika shule 350 za wilaya 10 nchini. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku tu, na alama za wanafunzi hazikusogea. Nyingine zilipewa bonasi ya walimu kwa matokeo, mafanikio yakawa ya kuyumba. Zilizopata vyote viwili kwa pamoja ndizo zilizopanda. Mkulima wa chai asingeshangaa: mbolea bila mizani, au mizani bila mbolea, havimfikishi mbali.

Pengine ndiyo maana upande wa afya ulibaki na njia nyingine pia. Mfuko wa pamoja wa afya, ambao huku kila mtu anauita basketi, ulianza 1999, na nchi kama Denmark, Uswisi, Ireland na Kanada zimechangia humo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za basketi huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kukaa halmashauri. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo hupanga, na kiasi hubandikwa ubaoni. Nilisoma ubao wa namna hiyo Mufindi, karatasi imefifia kwa jua, ila namba za robo mwaka zinasomeka na chini mtu ameongeza kwa kalamu: gloves zimeisha.

Msaada kwa polisi ndio ulionishinda kuuelewa. Kanuni zilezile za OECD zinasema mafunzo ya kazi za kawaida za polisi wa raia yanaweza kuhesabiwa msaada, lakini silaha za kuua hapana. Daftari la malalamiko linahesabika, risasi haihesabiki. Hapo nimeelewa. Lakini ungemlipa polisi kwa matokeo yapi? Ukilipa kwa idadi ya waliokamatwa, watakamatwa wengi, na mimi na wewe tutakuwamo. Ukilipa kwa kesi kupungua, daftari litafungwa mapema. Chukua Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo wahisani wamechangia sana mafunzo na majengo yake: taarifa za ukatili zikiongezeka, huenda ukatili umezidi, au huenda akina mama wameanza kuliamini dawati. Mizani inaonyesha kilo bila kukwambia ni chai au ni mawe. Kwa hiyo msaada wa polisi huja zaidi kama kozi, samani, ukarabati, na safari za kwenda chuo kinachoendeshwa na Marekani na Botswana kule Gaborone.

Nilimuuliza afande mmoja aliyestaafu, jirani yake mwalimu, angependa apimwe kwa kitu gani. Alifikiri kidogo akajibu, "Usiku ambao simu haikuita." Mwalimu akamuuliza na mhakiki angejuaje kama simu haikuita au haikupokelewa. Niliwaacha wanabishana.