Diski Ikianza Kugonga, Zima Kwanza

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alifika mezani kwangu hapa Kondele, Kisumu, amekumbatia laptopu ya zaidi ya miaka kumi. "Fundi, inachukua dakika ishirini kuwaka, na tangu juzi inagonga." Nikaiwasha, nikatega sikio pale kiganja hukaa mtu akichapa. Tik, tik, kimya, kisha tik tena. Nikaizima papo hapo.

"Mbona sasa huitengenezi?"

"Mwalimu, niambie kwanza ndani mna nini."

Mlikuwa na alama za wanafunzi za miaka minne na video ya harusi ya bintiye. Nakala nyingine hakuna.

Diski ya aina hii, panapokaa faili zote za laptopu, ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, hata unywele haupiti. Kikishindwa kusoma, hurudi pembeni kikajaribu upya. Ndiyo hiyo tik. Diski inayougua hivi, kila dakika unayoiacha iwake yaweza kuwa ya mwisho.

Ndiyo maana huniuma sana kuona mtu akikimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Hiyo hupanga upya orodha ya faili, haiponyi sahani. Huichosha diski mbovu, na mara nyingi unabaki na folda iitwayo found.000, imejaa vipande visivyo na majina. Kuweka Windows upya ni hatari zaidi, kwa sababu unaandika juu ya unachokitafuta.

Niliifungua laptopu, nikatoa diski na kuiunganisha na kompyuta yangu ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Kwenye taarifa za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, mimi hutazama mistari miwili: namba 5, sehemu mbovu ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwingine, na 197, zinazokataa kusomeka. Zote mbili hazikuwa sifuri. (Ikiwa inayopanda ni 199 peke yake, yaani makosa ya data ikiwa njiani, badilisha kebo kwanza.) Kisha nikaiachia ddrescue, programu ya kuokoa data, inakili kwenye diski mpya. Hiyo huchukua kwanza sehemu zisizo na hitilafu, huruka mbovu, ndipo huzirudia pole pole. Huweka pia ramani ya ilipofikia, kwa hiyo stima ikipotea usiku huanzi upya.

Hii iligonga mara moja moja na bado ilitambuliwa na kompyuta. Ingegonga mfululizo nisingeigusa. Hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Na tafadhali usiiweke kwenye friza ukidhani itapona. Ikitoka baridi hivyo, unyevu unaweza kutanda juu ya sahani.

Asubuhi alama zote zilikuwepo. Video ilikwama mahali pamoja, na picha chache zilikatika katikati, nusu ya chini kijivu kitupu. Nikamwekea SSD ya inchi 2.5, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ambayo inaingia palepale pa ile ya zamani, na laptopu sasa inawaka chini ya dakika moja. Ile mbovu nilimrudishia kwenye bahasha, nikamwomba asiitupe mpaka amalize kufungua kila folda.